Namba Nzima

Kuna kosa moja la aljebra ambalo kila anayefundisha twisheni hulitambua kabla mwanafunzi hajamaliza mstari. Chukua mlinganyo mwepesi:

x/2 + 4 = x/3 + 6

Sehemu zinakera, kwa hiyo tunaziondoa. Tunatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha 2 na 3, ile KDS ya shule ya msingi, tunapata 6, kisha tunazidisha pande zote mbili kwa 6. Nusu ya x inakuwa 3x. Theluthi ya x inakuwa 2x. Hapo mwanafunzi anatua kalamu, ameridhika, na daftari lake linasomeka 3x + 4 = 2x + 6. Nne imebaki nne na sita imebaki sita. Jibu lake ni 2. Jibu la kweli ni 12.

Nina vijana watatu wa kidato cha pili ninaowafundisha Jumamosi kwenye baraza la nyumba tuliyopanga. Nilimuuliza mmoja wao, binti makini kuliko wenzake wote, kwa nini hakuzizidisha nne na sita. Alinijibu kwa upole, kama anayemwelewesha mtu mzima jambo lililo wazi: "Hizo ni nzima, mwalimu. Hazina asili. Hazina shida."

Jibu hilo limekaa nami kwa sababu, kwa Kiswahili, lina mantiki yake. Mzima ni asiyeumwa. Ukiulizwa hali ukasema u mzima, mazungumzo yanahamia kwa mwingine. Tunamwita daktari kwa ajili ya aliyevunjika, na binti huyu aliita 6 kama anayeita daktari: akampeleka kwa x/2, akampeleka kwa x/3, akawapita wazima. Magazijuto haikumsaidia. Kanuni ile inakwambia ufungue mabano kwanza, ugawanye, uzidishe, ujumlishe, utoe. Haikwambii ni nani wa kuzidishwa.

Niseme kidogo kuhusu hilo neno asili, maana naona tunalipita haraka. Namba ya juu ya sehemu tunaiita kiasi, ya chini tunaiita asili. Asili inaeleza kitu kilikatwa vipande vingapi, kiasi kinaeleza umechukua vingapi. Nusu na theluthi hazijumlishiki zikiwa na asili mbili. Zinatafutiwa asili moja, na namba inayozikutanisha ni ya shirika. Mtoto wa shule ya msingi anafundishwa hayo yote bila mtu kukusudia falsafa yoyote. Halafu anaingia kidato cha kwanza, somo linageuka Kiingereza, na asili inakuwa "dinomineta", neno ambalo masikioni mwake halina mjomba wala shangazi. Mimi huwafundisha kwa lugha zote mbili, kwa kuwa mtihani ni mtihani, ila nikitaka waelewe narudi kwenye asili.

Namba nzima nayo ina asili. Nne ni 4/1. Haionekani tu, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuiandika.

Ili kosa hili liwatoke, huwapa fumbo la kale. Katika mkusanyo wa mafumbo ya Kigiriki kuna moja linalomhusu Diofanto, mwanahisabati wa Aleksandria, Misri, ambaye hufikiriwa kuwa aliishi yapata karne ya 3 na ambaye aliandika vitabu vya kutafuta namba zisizojulikana. Fumbo linajifanya kuwa maandishi ya kaburini kwake. Linasema kwamba sehemu moja ya sita ya maisha yake ilikuwa utoto. Ikapita moja ya kumi na mbili, akaota ndevu. Ikapita moja ya saba, akaoa. Miaka 5 baada ya kuoa akapata mtoto wa kiume. Mtoto huyo aliishi nusu ya umri ambao baba yake alikuja kuishi, akafa. Baba akajiliwaza kwa hesabu miaka 4, naye akafa. Aliishi miaka mingapi?

x/6 + x/12 + x/7 + 5 + x/2 + 4 = x

KDS ni 84. Yule binti aliandika 14x, 7x, 12x, akaandika 5, akaandika 42x, akaandika 4. Upande wa kulia, kwa kuwa ameambiwa azidishe pande zote mbili, aliandika 84x. Akajumlisha: 75x + 9 = 84x. Kwa hiyo 9x = 9. Kwa hiyo x = 1.

Aliitazama ile moja kwa muda. "Mwalimu, alikufa na mwaka mmoja?"

Mwenzake akadakia, "Na kabla ya hapo alimsubiri mtoto miaka mitano!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Fumbo hili ni zuri kufundishia kwa sababu hiyo: ukiwasahau wazima, linakurudishia upuuzi ambao hata usiyejua hesabu unauona. Ukizidisha zote unapata 75x + 756 = 84x, yaani 9x = 756, yaani x = 84. Na unaweza kuhakiki: utoto miaka 14, ujana 7, kabla ya ndoa 12, kumsubiri mtoto 5, kuishi na mtoto 42, kuishi bila mtoto 4. Jumla 84.

Vijana walipoondoka nilibaki na karatasi ile, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitazama hivyo. Sehemu zote katika fumbo hili, utoto, ndevu, ndoa, hata maisha ya mtoto, zinategemea x. Haziwezi kukwambia lolote kuhusu urefu wa maisha ya mtu huyu mpaka uwe unaujua tayari. Sita ya nini? Nusu ya nini? Zifute zile 5 na 4, ubaki na sehemu peke yake, na mlinganyo una jibu moja tu: sifuri. Miaka pekee tunayoambiwa kwa namba zake ni miaka mitano ya kungoja mtoto na minne ya kumlilia. Hiyo tisa ndiyo inayobeba 84 nzima. Ongeza mwaka mmoja kwenye kungoja kule, na umri wote wa mtu unapanda kwa miaka tisa na theluthi.

Fumbo ni fumbo, si cheti cha kifo, na aliyelitunga huenda alikuwa anatafuta tu namba zinazogawanyika vizuri. Hata hivyo swali lililonijia halikuwa la Diofanto. Tunapogawana kitu, iwe mali, sifa au lawama, tunapenda kuzungumza kwa sehemu, kwa kuwa sehemu zina sura ya haki: nusu kwangu nusu kwako, theluthi kwa kila mmoja. Na katika kila mgawanyo kuna mtu aliyetoa kitu kizima, miaka kadhaa au shilingi kadhaa, ambacho hakikuandikwa kama sehemu ya chochote. Huyo anafanywaje? Akiingizwa kwenye hesabu, je, wema wake haugeuki kuwa mshahara? Na asipoingizwa, je, jibu letu lina tofauti gani na ile x = 1, ambayo kila hatua yake ilionekana safi daftarini?

Watu walioijenga aljebra walikuwa karibu sana na swali hili kuliko vitabu vyetu vya kidato cha pili vinavyoonyesha. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9 chini ya Khalifa al-Ma'mun, aliandika kitabu ambacho jina lake lina maneno al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudisha kilichovunjika mahali pake. Neno hilohilo lilitumika kwa kuunga mifupa. Tunakumbuka kitabu hicho kwa milinganyo yake, tunasahau kwamba sehemu yake ndefu ya mwisho inahusu wasia na mirathi. Mtu amekufa, ameacha watoto, ameacha wasia, kuna deni. Nani apate nini? Hakukuwa na herufi x. Kisichojulikana alikiita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kitu. Hesabu nzima ni maneno matupu, na karibu kila sentensi ina theluthi, robo au thumni.

Mfano mmoja wa sehemu hiyo ni huu. Mtu amekufa, ameacha wana wawili, na ameusia theluthi ya mali yake kwa mtu baki. Ameacha dirham 10 taslimu, na dirham 10 nyingine ni deni analomdai mmoja wa wanawe. Sasa fikiria mkeka: mtu baki amekaa, mwana asiyedaiwa amekaa, na mwana anayedaiwa naye amekaa, ni mrithi kama ndugu yake. Al-Khwarizmi anasema: kile kinachotolewa katika deni na kuingia kwenye mali, kiite kitu. Mali basi ni 10 na kitu. Theluthi inakwenda kwa mtu baki, theluthi mbili zinagawanywa kwa wana wawili, yaani kila mmoja theluthi. Na fungu la mwana anayedaiwa ndilo hilo analokatwa katika deni lake. Kwa hiyo:

x = (10 + x)/3

Zidisha kwa 3, na hapa zile 10 zimekaa ndani ya mabano, hazisahauliki: 3x = 10 + x. Kitu ni 5. Mtu baki anachukua dirham 5 taslimu, mwana wa kwanza 5, na yule mdaiwa anaondoka mikono mitupu kwa kuwa fungu lake alikuwa nalo tayari, tangu baba yake hai.

Kinachonivutia hapa ni kwamba deni la mrithi limeingia kwenye mlinganyo kabla ya kugawa. Huo ndio utaratibu wenyewe wa mirathi ya Kiislamu kama unavyofuatwa mpaka leo: gharama za mazishi kwanza, madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mafungu ya warithi. Namba nzima zinashughulikiwa mbele ya sehemu. Hata wanazuoni wa mirathi, wakitafuta namba ya kukutanishia mafungu, huiita asili ya suala. Mwanafunzi wa KDS angeitambua mara moja.

Nimeuona utaratibu huo kwa macho. Babu yangu alifariki Muheza, nami nilikuwa mwaka wa pili chuoni, kwa hiyo nilipewa daftari na kalamu kama ilivyo desturi kwa msomi wa ukoo. Bibi alishatangulia. Walibaki watoto wanne: baba mkubwa, baba yangu, shangazi na baba mdogo. Wana watatu, mafungu mawili kila mmoja, na binti fungu moja. Asili ni 7. Kulikuwa na nyumba, na shamba lenye michungwa 210 inayozaa. Hesabu haikuwa na ugumu wowote. Kila mwana michungwa 60, shangazi michungwa 30.

Kabla ya hapo sheikh aliuliza, kama inavyotakiwa: "Marehemu anadaiwa?"

Baba mkubwa akataja duka la pembejeo, kiasi kidogo, likaandikwa. Sheikh akauliza tena: "Kuna mwingine anayemdai?" Kukawa kimya. Si kimya cha watu wasiojua. Babu alilala kitandani miaka sita baada ya kupooza. Shangazi alikuwa na genge lake la vitenge na khanga Tanga mjini, akaliuza mtaji, akarudi nyumbani kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko. Dawa alinunua yeye, kwanza kwa pesa za vitenge, halafu kwa pesa za mandazi aliyokaanga uani. Ndugu zake walituma walipoweza, na niseme ukweli, hawakuweza mara nyingi. Mtu wa tatu kutoka kwa sheikh alimtazama shangazi. Wote tukamtazama.

Akasema, "Baba hadaiwi na mimi."

Sheikh akasubiri kidogo, akaandika, akaendelea. Sina la kumlaumu. Aliuliza swali lililo sahihi, mahali pake, mara mbili. Na jibu la shangazi lilikuwa la kweli. Hakumkopesha babu. Mtu hamkopeshi baba yake uji. Angesema "namdai", miaka yote sita ingegeuka kuwa ajira aliyoifanya bila mkataba, na yeye angegeuka kuwa yaya mwenye madai. Alilikataa hilo, na nadhani alikuwa na haki ya kulikataa. Kuna mambo ambayo ukiyapachika bei yanageuka kuwa mambo mengine.

Nimezunguka na swali hili miaka kadhaa, na fumbo la Diofanto ndilo lililonisaidia kuligeuza. Mwanzoni nilidhani tatizo ni kama miaka sita ile ilistahili kuhesabiwa au la. Ukiliweka hivyo unabanwa: ihesabiwe, iwe mshahara; isihesabiwe, iwe x = 1. Ila mlinganyo una pande mbili. Swali la sheikh lilihusu anayedaiwa mmoja tu, marehemu, kwa kuwa sheria ya mafungu inahusu mali ya marehemu. Marehemu hakudaiwa. Waliodaiwa walikuwa wamekaa kwenye mkeka, watatu, na walikuwa wazima wa afya. Kumuuguza babu kulikuwa wajibu wa watoto wanne. Mmoja aliubeba wote, na kila siku aliyokesha ni siku ambayo ndugu watatu walilala Dar es Salaam, Korogwe na Mombo. Kama kulikuwa na deni, lilikuwa lao kwake. Halikuwa la baba yao. Kama kule Baghdad, mdaiwa alikuwa mmoja wa warithi, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyemtaja.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kwa mwenye kalamu kuwapangia wazee wake madeni. Baba yangu alikuwa na watoto watano shuleni. Baba mdogo alikuwa utingo wa lori. Hawakulala kwa raha. Wala sisemi mafungu yangebadilishwa. Saba ni saba, na shangazi mwenyewe angekasirika kuliko wote. Ninachosema ni kwamba haki ya mgawanyo ule iliishia pale sheria ilipoishia, na wote tuliondoka tumeridhika kama mwanafunzi aliyetua kalamu, kwa kuwa kila kilichokuwa na asili kilishazidishwa. Shangazi hakuwa na asili ya kuonekana. Hakulalamika, hakulia, alikuwa mzima. Kama angevunjika hadharani, nina hakika tungeita daktari.

Kuna watakaosema hilo ndilo fumbo la wema, kwamba thawabu yake iko kwa Mungu na hesabu za watu ziache. Shangazi ni mmoja wao. Naiheshimu imani hiyo ikitoka mdomoni mwake. Ikitoka mdomoni mwa aliyefaidika, inanipa shida. Aliyetoa ana ruhusa ya kusema hadai. Aliyepokea hana ruhusa ya kusema hadaiwi kwa sababu tu hajadaiwa. Hayo ni mambo mawili, na kutodai kwa mmoja hakufuti kudaiwa kwa mwingine, kama vile kuacha kuandika ile moja chini ya nne hakuifanyi isiwepo.

Msimu uliopita wa machungwa baba mdogo alifika kwa shangazi na bahasha. Sasa ana lori lake mwenyewe, anapeleka mzigo Nairobi. Nilikuwepo, nilikwenda likizo. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akazungumzia bei ya gunia na barabara, ndipo akaitoa.

"Dada, hii yako."

Shangazi hakuigusa. "Ya nini?"

"Ya machungwa."

"Machungwa yangu nimeshauza."

"Ya miti yangu. Nimetenga ishirini. Kila msimu."

"Ndiyo nakuuliza, ya nini?"

Baba mdogo alitazama chini. Alikuwa na jibu, niliona linapanda na kushuka kooni, na niliona kwa nini halitoki: akisema ni malipo, amemwita dada yake mtumishi, akisema ni zawadi, amejifanya yeye ndiye mkarimu. Bahasha ilibaki kati yao juu ya jamvi. Kuku akaja kuichunguza, shangazi akamfukuza kwa ncha ya khanga, akaichukua, akaiweka chini ya sahani ya mandazi.

"Umekonda," akamwambia. "Hao wa Nairobi hawakupi chakula?"